Noah Haifi, Wanasema. Zilizokufa Je?

Ukitangaza tu kwamba unatafuta Noah ya zamani, ushauri utaupata hata kabla hujauomba. Mwenye nayo atakwambia: "Chukua hiyo, ndugu yangu. Mimi ninayo mwaka wa nane huu, haijawahi kunisumbua." Ukitoka hapo ukapita gereji, fundi atafuta mikono kwanza, kisha atasema: "Mzee, hizo D4 achana nazo. Kila wiki naletewa nyingine." Gari ni lile lile. Wote wawili wanalijua kuliko wewe. Na wote wawili, kwa sehemu kubwa, wanasema kweli.

Katika blogu hii tumezoea kuzichambua tafiti: sampuli ilikuwa ya watu wangapi, walichaguliwaje, kipimo kilikuwa kipi. Leo naomba tuuchambue ushuhuda wa wenye magari kwa vigezo hivyo hivyo, kwa sababu huo ndio "utafiti" ambao watu wengi wanautumia kweli. Mwalimu anayestaafu hasomi jarida la uhandisi kabla ya kutoa kiinua mgongo chake. Anauliza watu. Na Noah kwake si gari la kutembelea tu: asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inaingiza hela ya abiria, Jumamosi iko harusini, Jumapili iko msibani. Injini ikifa mwezi wa nne, hakuna kiinua mgongo kingine. Kwa hiyo ubora wa ushuhuda anaopewa si jambo la kupuuza.

Hoja yangu ni moja. Tatizo la ushuhuda huu si uongo. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba sehemu ina namba mbili: kiasi juu, asili chini. Tatu ya kumi si sawa na tatu ya mia. Mwenye gari anakupa kiasi bila asili; fundi naye anakupa kiasi kingine, na yeye pia bila asili. Ukivilinganisha viasi viwili ambavyo havina asili, utabishana mpaka jioni na hutapata jibu.

Kwanza, Noah ipi?

Kabla ya hesabu, jina. Watu wakisema "Noah" huwa wanazungumzia mashine tatu tofauti, angalau.

Ya kwanza ilitoka mwaka 1996 kwa jina la TownAce Noah na pacha wake LiteAce Noah. Hii ndiyo SR40, na ndugu yake wa kuvuta magurudumu yote, SR50. Injini iko chini ya viti vya mbele, nguvu inaenda magurudumu ya nyuma, na nyingi zina injini ya petroli ya 3S-FE ya lita 2.0. Ni injini ya zamani, rahisi, yenye mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilometa 100,000 hivi.

Ya pili ilikuja mwaka 2001: AZR60, pamoja na Voxy. Jina limebaki, lakini karibu kila kitu kimebadilika. Injini imehamia mbele, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, mkanda umeondoka na cheni imeingia, na injini sasa ni 1AZ-FSE, yaani ile D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ya tatu ilitoka mwaka 2007: ZRR70, yenye injini za familia ya 3ZR, ambazo zimerudi kwenye upulizaji wa kawaida, na giaboksi ya CVT.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Katika injini ya kawaida kama 3S-FE, nozeli hupuliza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya vali za kuingizia. Petroli ile inaziosha vali hizo kila dakika bila mtu kujua. Katika D-4, petroli inaingia silindani moja kwa moja, kwa hiyo vali haioshwi. Mvuke wa oili unaotoka chini ya injini na kurudishwa kwenye njia ya hewa unakauka juu ya vali, tabaka juu ya tabaka, mpaka hewa inapita kwa taabu. Gari linaanza kutetemeka likisimama kwenye taa, linapoteza nguvu mlimani, linakula mafuta. Tena pampu yake ya mafuta inafanya kazi kwa shinikizo kubwa mno kuliko la injini ya kawaida, kwa hiyo uchafu kidogo kwenye petroli ambao 3S-FE ingeumeza bila kusema kitu, hapa unaleta kesi.

Sasa angalia ushuhuda unavyosafiri. Mtu aliyeendesha SR40 kwa miaka kumi anatangaza kwamba "Noah ni chuma." Msikilizaji anaenda kununua AZR60. Sifa imehama kutoka injini moja kwenda nyingine kwa sababu ya herufi nne zilizobandikwa mlango wa nyuma. Ni kama kumsifu mtoto kwa matokeo ya mtihani ya kaka yake kwa kuwa wana ubini mmoja. Ushuhuda usiotaja msimbo wa chasi na wa injini uwekwe pembeni kwanza, hata kama anayeutoa ni mtu wa heshima kiasi gani.

"Haijawahi kunisumbua" maana yake nini?

Kosa la pili ni la kipimo. Katika utafiti, kabla ya kuhesabu hitilafu lazima useme hitilafu ni nini. Wenye magari hawasemi, na si kosa lao, hakuna aliyewauliza. Lakini jaribu kumuuliza zaidi yule wa "haijawahi kunisumbua", utasikia orodha: shokapu alibadilisha zote nne, bushi mara mbili, rejeta moja, boljointi "za kawaida tu", na giaboksi ile ya mtumba aliyofunga mwaka juzi. "Lakini vitu vidogo vidogo hivyo, gari lolote si lazima?"

Giaboksi nzima imeingia kwenye vitu vidogo vidogo! Hapa hadanganyi. Kwa lugha yake, "kusumbua" ni gari kumwacha njiani usiku akiwa na familia. Alichotengeneza kwa mpango, kwa hela aliyokuwa nayo, na fundi anayemwamini, hakihesabu kuwa usumbufu. Mwingine ambaye hela haikuwepo, kwa hitilafu ile ile, atasema gari limemtia umaskini. Kwa hiyo neno hili linapima mambo mawili kwa wakati mmoja: gari lenyewe na mfuko wa mwenye gari.

Ongeza na hili: mtu akishatoa mamilioni, ni vigumu akili yake kukiri kwamba aliyatupa. Wanasaikolojia wameeleza vizuri tabia yetu ya kuupamba uamuzi ambao tayari tumeufanya. Anayesifia gari lake anajisifia pia yeye aliyelichagua. Ndivyo tulivyo wote, hata kwenye simu tunazonunua.

Dawa yake ni nyepesi. Usiulize "linasumbua?" Uliza: "Umebadilisha nini, lini, likiwa na kilometa ngapi?" Maswali hayo hayana nafasi ya kujisifu.

Waliobaki ndio wanaosema

Sasa tufike kwenye asili yenyewe. Nani anatoa ushuhuda kuhusu Noah ya zaidi ya miaka ishirini? Ni mtu ambaye Noah yake imefikisha zaidi ya miaka ishirini. Ile iliyokufa ikiwa na miaka kumi na tano imeshakatwa, mlango wake uko kwenye gari la mtu Tegeta, injini yake iko Gerezani inasubiri mteja. Mwenye nayo alishanunua kitu kingine, au alirudi kwenye daladala, na hakuna anayemfuata kumuuliza habari za Noah.

Ni kama kuwauliza wazee wenye miaka tisini kama tumbaku inaua. Watakaokujibu wote ni wale ambao haikuwaua.

Tuifanyie hesabu, kwa mfano wa kubuni ili namba ziwe rahisi. Tuseme tuna Noah kumi za aina moja, zote tumeanza kuzifuatilia zikiwa na kilometa 150,000, na tunaangalia kitu kimoja tu: giaboksi. Tatu zimeua giaboksi: moja kwa kilometa 180,000, moja 210,000, moja 240,000. Saba nyingine giaboksi ni nzima mpaka leo, na zimefikia kilometa 190,000, 200,000, 220,000, 230,000, 250,000, 260,000 na 300,000.

Hesabu ya mtaani itasema: saba kati ya kumi ni nzima, basi asilimia 70 zinadumu. Na kama wawili kati ya wale watatu wa giaboksi mbovu walishauza spea na kuondoka, barazani watabaki watu wanane, na saba wao watasifia. Asilimia 70 imegeuka karibu asilimia 88 bila mtu yeyote kusema uongo hata mmoja.

Lakini hata ile 70 si sahihi, kwa kuwa gari lenye kilometa 190,000 halijui chochote kuhusu kilometa 240,000. Halijafika huko. Kulihesabu kama shahidi wa kudumu ni kumpa cheti mwanafunzi ambaye bado yuko kidato cha pili. Tatizo hili hili wanalo watafiti wa tiba: mgonjwa anayeendelea kuishi siku utafiti unapofungwa, utamwandikaje? Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha njia ambayo hadi leo hutumika kwenye tafiti za saratani na dawa. Wazo lake ni la kawaida kabisa: kila inapotokea hitilafu, gawanya kwa magari yaliyokuwa bado barabarani kufikia hapo tu.

Twende nayo. Kwenye kilometa 180,000 magari yote kumi yapo, moja linakufa giaboksi: yamebaki tisa ya kumi. Kabla ya 210,000, mawili yanatoka kwenye hesabu yakiwa mazima kwa sababu hayajafika huko. Yako saba, moja linakufa: sita ya saba. Kabla ya 240,000 mengine mawili yanatoka. Yako manne, moja linakufa: tatu ya nne. Zidisha zote tatu: 9/10 mara 6/7 mara 3/4. Jibu ni kama 0.58. Yaani, kwa takwimu hizi, nafasi ya giaboksi iliyo nzima kwenye kilometa 150,000 kuvuka 240,000 ni asilimia 58.

Asilimia 88 ya barazani, 70 ya kuhesabu vidole, 58 ya hesabu yenye asili. Magari ni yale yale kumi. Magari kumi ni machache, kwa hiyo hata hiyo 58 ina kosa kubwa pande zote mbili. Lakini angalau ni kosa la bahati, ambalo magari zaidi yangelipunguza. Kosa la 88 halipungui hata ukihoji watu elfu moja, maana wote elfu ni wale waliobaki.

Fundi naye anaona upande mmoja

Hapa wengi husema: basi tumwamini fundi, yeye hana gari la kutetea. Taratibu. Fundi anaona magari yaliyoharibika tu. Noah mia zinazopita mbele ya gereji yake bila kusimama hazimo kwenye kumbukumbu yake. Akisema "kila wiki naletewa D4", hilo linaweza kumaanisha D4 ni mbovu. Linaweza pia kumaanisha D4 ni nyingi mjini, au kwamba yeye ndiye fundi wa mtaa mwenye mashine ya kupimia, kwa hiyo zote zinaishia kwake.

Mwaka 1946 daktari na mwanatakwimu wa Marekani, Joseph Berkson, alionyesha jinsi takwimu zinazokusanywa hospitalini peke yake zinavyoweza kuunda uhusiano wa magonjwa ambao nje ya hospitali haupo, kwa sababu tu ya nani anafika hospitalini na nani hafiki. Gereji ni hospitali. Mwenye gari anawaona wazima, fundi anawaona wagonjwa, na ugomvi wao wa miaka yote ni ugomvi wa watu wawili waliosimama kwenye milango miwili ya nyumba moja.

Ila fundi ana kitu ambacho mwenye gari hana: anajua gari linakufaje. Kwamba vali zimeziba kwa masizi ni jambo alilolifungua na kuliona kwa macho. Kwamba CVT imekufa kwa sababu mtu aliijaza mafuta ya giaboksi ya kawaida, wakati mkanda wake wa chuma unategemea mafuta yake maalumu ili usiteleze, ni jambo aliloligundua kwa kunusa na kuangalia rangi. Usimuulize fundi "ni ngapi zinakufa?" Muulize "zinakufa kwa nini?" Kwa swali la pili ni shahidi bora kuliko wote.

Umri au kilometa?

Kitu kingine ambacho ushuhuda unakichanganya ni saa na umbali. "Imetembea kidogo sana, kilometa 90,000 tu," anasema muuzaji wa gari la miaka ishirini. Tuachane kwanza na swali la kama namba hiyo ni ya kweli, ingawa kurudisha kilometa ni biashara inayojulikana, na karatasi ya mnada kutoka Japani, kama ipo, ni ya kuaminika kuliko dashibodi. Tuseme ni ya kweli. Bado ni nusu ya habari.

Sehemu nyingine za gari huzeeka kwa kutembea: pete za pistoni, beringi, meno ya gia. Nyingine huzeeka kwa kukaa: mpira wa bushi, mabomba ya maji, sili za oili. Mpira unakakamaa na kupasuka kwa joto na hewa hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe. Kwa hiyo gari lililotembea kidogo kwa miaka mingi linaweza kuwa na injini kijana na mipira mikongwe. Ukilinunua na kuanza kulikimbiza Dar hadi Mwanza, bomba la maji linapasuka, injini inachemsha, silinda hedi inapinda, na hapo ushuhuda mpya unazaliwa: "Noah zinachemsha sana." Kumbe kilichoanza ni bomba la mpira.

Na kuna joto. Wakemia wana kanuni ya makadirio, yenye mizizi kwenye kazi ya Svante Arrhenius ya mwaka 1889: mara nyingi, nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, kasi ya mmenyuko huongezeka karibu maradufu. Mafuta ya giaboksi yanaharibika kwa mmenyuko na hewa, kwa hiyo kanuni hiyo inayagusa. Noah iliyobeba watu wanane kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto haiishi maisha sawa na inayozunguka tambarare za Dodoma ikiwa na dereva peke yake. Ile iliyobeba watu kumi na wawili, kama tulivyowahi kuona Noah za abiria zikifanya, ndiyo kabisa. Ushuhuda usiosema gari liliishi wapi na lilibeba nini haujakwambia joto, na bila joto hujaambiwa umri wa kweli wa mafuta yake.

Mhandisi wa Uswidi, Waloddi Weibull, alichapisha mwaka 1951 fomula ambayo wahandisi wa uimara wanaitumia mpaka leo kutenganisha aina tatu za kufa. Kuna vitu vinavyokufa mapema, na vikivuka siku za mwanzo vinatulia. Kuna vinavyokufa kwa bahati tu, leo au miaka kumi ijayo ni sawa. Na kuna vinavyochakaa, ambavyo hatari yake inapanda kila siku. Shokapu ni ya kundi la tatu. Sensa nyingi hukaribia kundi la pili. Na kundi la kwanza? Si magari mapya tu. Spea ya mtumba iliyofungwa jana, au kazi ya fundi aliyekuwa na haraka, vinaingia humo. Yule anayelalamika "tangu nilipoipeleka gereji ndiyo matatizo yakaanza" wala si lazima awe mshirikina. Ameieleza Weibull bila kuijua.

Wenye takwimu nao wana mapengo

Je, kuna mahali ambapo asili inajulikana? Ipo. Uingereza, gari la kawaida linakaguliwa kwa mara ya kwanza likifikisha miaka mitatu, kisha kila mwaka, ukaguzi unaoitwa MOT. Matokeo yanahifadhiwa pamoja na kilometa, na mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuona historia yake. Ujerumani, TÜV hutoa ripoti ya kila mwaka inayoonyesha, kwa kila modeli na kila kundi la umri, ni asilimia ngapi zimekutwa na kasoro kubwa. Hapo waliofaulu na waliofeli wote wamo, kwa hiyo mabishano ya baraza na gereji yanaisha.

Lakini tusizipigie magoti. Ukaguzi wa MOT unaangalia usalama wa barabarani: breki, taa, matairi, usukani, moshi. Hali ya giaboksi haimo. Noah yenye CVT inayokaribia kukata roho inaweza kufaulu kwa heshima zote. Tena takwimu za Ujerumani ni za barabara za Ujerumani na petroli ya Ujerumani. Hazijui vumbi la Kiteto wala mawimbi ya rafu rodi yanayotetemesha kila bushi kwa saa tatu mfululizo. Kwa mambo hayo, mashahidi tulio nao ni wenye magari wetu. Ndiyo maana siungi mkono wasomi wanaosema "hizo ni hadithi tu" na kuzitupa. Hadithi hizi ndizo data pekee zilizokusanywa kwenye mazingira yetu. Zimekusanywa vibaya, basi tuzikusanye vizuri.

Na si kazi ngumu. Madereva wa Noah za abiria wa Arusha na Moshi, wale makini, wana daftari: tarehe ya kumwaga oili, kilometa, spea iliyofungwa, bei. Wanaliandika kwa ajili ya tajiri mwenye gari, si kwa ajili ya sayansi, lakini daftari hilo lina kila kitu ambacho Kaplan na Meier waliomba, pamoja na yale magari yaliyokufa, kwa sababu tajiri alitaka kujua hela yake ilipotelea wapi. Ushirika mmoja wenye Noah thelathini na madaftari ya miaka mitano ungetupa jibu bora kuliko maoni elfu moja ya "haifi hiyo". Mwanafunzi wa takwimu au uhandisi anayetafuta mada ya tasnifu, hii hapa, ichukue. Na kama ukaguzi wa magari ya biashara nchini ungetangaza matokeo kwa modeli na mwaka wa kutengenezwa, hata bila jina la mtu, wanunuzi wangefaidika mara moja.

Mpaka hapo, uliza hivi

Kwa anayetaka kununua mwezi huu na hana muda wa kusubiri tasnifu ya mtu, maswali ni matano. Chasi na injini ni ipi hasa: SR40, AZR60, ZRR70? Umebadilisha nini, kwa kilometa ngapi? Liliishi wapi na lilibeba nini? Injini na giaboksi ni zile zilizokuja nalo? Na katika watu unaowafahamu waliokuwa na gari kama hili, wangapi hawanalo tena, na kwa nini?

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa ndilo linaloirudisha asili mahali pake. Usiridhike na anayelimiliki. Mtafute aliyeliuza, aliyelikata spea, aliyeliacha gereji miezi sita akashindwa kulitoa. Huyo hana gari la kutetea wala mteja wa kumvutia. Wengine watakwambia waliuza kwa sababu mtoto aliingia chuo na hela ilihitajika, gari lilikuwa zima kabisa. Hiyo nayo ni habari, tena njema kwa Noah. Wengine watakwambia giaboksi. Waandike wote, wa mema na wa mabaya, wahesabu, halafu ndipo uende benki.